Kunguru aliyegonga dirisha Aston, na jamaa zake wa Unguja na Maskati



Mwezi wa Machi 2025 mamkubwa wangu alikuja kutoka Maskati kukaa nasi hapa Aston, Birmingham, akisubiri operesheni ya moyo. Tarehe ilikuwa imeshapangwa, na sote nyumbani tukihesabu siku. Siku ya nne tangu kufika kwake, baada ya sala ya alfajiri, kunguru mmoja mweusi alitua kwenye ukingo wa dirisha la chumba chake ghorofani, akaanza kugonga kioo. Aligonga kwa mdomo, akarudi nyuma, akaruka na kukipiga kioo kwa miguu, kisha akaondoka zake. Kesho yake akarudi. Keshokutwa vile vile.

Wiki ya pili Mamkubwa aliniita, akasema kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie: "Mwanangu, nitafutie tiketi nirudi. Huyu ananiita mimi. Kama ni kufa, nikafie kwa wanangu."

Hakuwa akifanya mzaha. Daktari alikuwa ameshasema kwamba kuchelewa kuna khatari. Kwa hivyo kwangu mimi suala la kunguru halikuwa tena la hadithi za bibi. Mimi si bingwa wa ndege, lakini kwa wiki chache zile nilimsoma kunguru kuliko nilivyowahi kusoma kitu tangu nilipoacha skuli. Nimeona niyaandike niliyoyapata, kwa sababu najua nyumba nyingi za Waswahili katika Ghuba zina khofu kama ile, na zina kunguru wengi kuliko sisi.

Jina moja, ndege wengi

Tatizo la kwanza ni jina. Kiswahili kina neno moja, kunguru, na ndani yake tumewatia ndege ambao hata rangi hawafanani. Aliyenifungua macho ni Mamkubwa mwenyewe, bila ya kukusudia, aliposema: "Wale wa Matrah nawajua, wana shingo ya kijivu. Huyu mweusi mzima katoka wapi?"

Wale wa Matrah ndio wale wale wa Mji Mkongwe, wa Mombasa, wa Dar es Salaam na wa Dubai. Kitaalamu wanaitwa Corvus splendens. Ni wembamba, urefu wao kiasi cha sentimita 40, uso na mabawa ni meusi yanayong'ara, na kuanzia kisogoni hadi kifuani wana rangi ya majivu. Asili yao ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo. Pwani ya Kenya wengi huwaita kurabu, neno lililotoka katika Kiarabu, ghurab. Unguja tunasema kunguru tu, na bara watu husema kunguru wa Zanzibar.

Kunguru wa asili wa Afrika ni mwengine kabisa. Huyo ni Corvus albus, mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe, kama mtu aliyevaa fulana nyeupe ndani ya koti jeusi. Yeye anaenea Afrika nzima kusini ya Sahara, hadi Madagaska na Komoro. Ni mkubwa kuliko yule wa kijivu, lakini mijini yule wa kijivu humfukuza kwa wingi na kwa kelele.

Huko Oman wapo pia wawili ambao watu wa mjini hawawaoni sana. Jangwani kuna kunguru mkubwa ambaye shingo yake, ukimwona juani, ina wekundu wa kahawia. Na katika milima ya Dhofar kuna mwengine mwenye mkia mfupi mno, hata akiwa angani utadhani amekatwa. Wanaosafiri kwenda Salala wakati wa khareef wamtazame, ni rahisi kumtambua kwa umbo hilo.

Wa Aston ni Corvus corone. Ni mweusi kuanzia mdomo hadi kucha, macho meusi, sentimita 45 hadi 47, mdomo mnene. Jina lake la Kiingereza linamtaja kwa kula mizoga. Si ndege adimu hata kidogo: Uingereza ina takriban jozi milioni moja.

Aliyekuja na meli

Sisi tuliokulia Unguja tulimwona kunguru wa kijivu kuwa ni sehemu ya mji, sawa na baraza na milango ya nakshi. Kumbe ni mgeni wa juzi. Aliletwa kutoka India katika miaka ya 1890, baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Waingereza, ili asaidie kusafisha taka za mjini. Wakubwa wa wakati huo waliona kwamba huko India ndege huyu anakula kila kinachotupwa, wakadhani wamepata mtumishi asiyetaka mshahara.

Mtumishi hakushika kazi aliyopewa. Taka alikula, lakini alikula na mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, matunda, nafaka iliyoanikwa, na samaki waliotandazwa ufukweni. Kufika mwaka 1917 alikuwa ameshahesabiwa kuwa ni mharibifu. Kutoka Unguja alivuka, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo yuko pwani yote na anapanda bara kwa kufuata barabara na majaa.

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Kunguru huyu hasafiri sana kwa mabawa. Husafiri kwa meli. Hutua mlingotini au juu ya makontena bandarini, akalishwa na mabaharia, akashuka bandari ya mbele. Ndivyo alivyofika hata Uholanzi: jozi moja ilionekana Hoek van Holland mwaka 1994, wakazaliana pale, mpaka serikali ikaamua kuwaondoa. Bandari zetu za majahazi, kutoka Bombay hadi Matrah, hadi Mombasa na Malindi ya Unguja, ndizo hasa njia zake.

Jitihada za kumpunguza hazikuanza leo. Mapema miaka ya 1990 Unguja ilifanya kampeni kubwa, na katika Mji Mkongwe kunguru walipungua mno. Fedha zilipokwisha na kazi ikasimama, wakarudi. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja, kwa sumu maalumu, baada ya malalamiko ya wenye mahoteli na wakulima wa pwani. Saudi Arabia imefanya kampeni katika Jizan na visiwa vya Farasan, na Oman nayo imekuwa ikiwapunguza Dhofar, pamoja na ndege wa mina ambaye naye ni wa kuletwa. Wataalamu wanakubaliana kwamba kuua peke yake hakutoshi ikiwa jaa liko wazi.

Wengine humwita "kunguru wa Kihindi". Mimi jina hilo silipendi. Hakuna Muhindi aliyeomba ndege aletwe Unguja, na katika historia yetu neno mgeni limewahi kutumiwa kwa watu, tena kwa maumivu ambayo familia nyingi zinazosoma hapa zinayajua. Aliyekosea ni aliyemleta, si aliyeletwa.

Na ile methali yetu, kunguru hafugiki? Ina ukweli nusu. Ni kweli hakai tunduni kwa ridhaa, na ndiyo sababu mtu asiyetulia na mwenza huitwa kunguru. Lakini huyu wa kijivu hajulikani kuwa na kundi hata moja linaloishi mbali na watu. Tukihama, naye anahama. Anaishi kwa mikono yetu kuliko paka wa mtaani. Methali ya pili, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, hiyo ni ya kweli tupu: ukiinama tu kama unayeokota jiwe, ameshaondoka.

Maisha ya kunguru wa Aston

Aston ni mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, kaskazini ya katikati ya Birmingham. Tuna bustani kubwa ya Aston Park, na juu ya kilima chake kuna Aston Hall, jumba lililojengwa na Sir Thomas Holte kati ya 1618 na 1635, ambalo ngazi zake mpaka leo zina alama ya mzinga wa vita vya ndani vya mwaka 1643. Mbele yake kidogo ni uwanja wa mpira wa Villa Park. Siku ya mechi watu zaidi ya 40,000 hupita hapa, na asubuhi yake kunguru ndio wanaofagia chipsi na mikate iliyobaki.

Machi ile kulikuwa na zaidi ya chipsi. Wafanyakazi wa kuzoa taka wa jiji walikuwa wamegoma kikamilifu tangu tarehe 11, na mwisho wa mwezi halmashauri ya jiji ilitangaza hali ya dharura, ikikadiria tani 17,000 za taka zimelala mitaani. Mifuko myeusi ilifika madirishani. Panya, viwavi wa nzi, mbweha, shakwe, na kunguru, wote walikuwa karamuni. Nilikuwa nikiwatazama wakichana mifuko kwa ufundi, mmoja anavuta, mwengine analinda, nikakumbuka kisa cha Unguja cha miaka ya 1890. Hapa hakuna aliyewaleta. Wapo tangu zamani, na walikuja mtaani kwetu kwa mwaliko wetu.

Tofauti kubwa kati ya huyu na wa kijivu ni ujirani. Wale wa Matrah na Forodhani wanapenda jamii. Jioni hukusanyika kwa mamia katika mti mmoja, na viota vyao huwa karibu karibu. Kunguru mweusi wa Aston huishi mke na mume, na jozi ile hushika eneo lao mwaka mzima. Vijana wasio na eneo hutembea kwa makundi, lakini jozi iliyokwisha kupata mti wake haitaki kumwona kunguru mwengine.

Mwezi wa Machi huanza kujenga kiota juu kabisa ya mti mrefu, kwa vijiti, udongo, na ndani wanatandika sufi na nywele. Aprili jike hutaga mayai, mara nyingi manne, ya buluu au kijani yenye madoa. Hulalia siku 18 hadi 20, na dume ndiye anayemletea chakula. Makinda huruka baada ya wiki nne hadi tano. Jozi hulea mara moja tu kwa mwaka, kwa hivyo ukiwaharibia kiota umewaharibia mwaka wao.

Akili yake si ya kubahatisha. Katika mji wa Sendai, Japani, jamaa zake wamejulikana kwa miaka mingi kuweka jozi zenye maganda magumu barabarani ili magari yazivunje. Seattle, Marekani, watafiti wa chuo kikuu waliwakamata kunguru wa huko wakiwa wamevaa barakoa ya uso wa kutisha. Miaka iliyofuata, aliyepita na barakoa ile alipigiwa kelele hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Maana yake wanaambiana. Basi ukimtupia jiwe kunguru wa mtaani kwako, ujue umejulikana.

Alama na ishara

Sasa nirudi kwenye khofu ya Mamkubwa, kwa sababu haikutoka hewani. Mwaka alipofariki kaka yake, kule Ng'ambo, kunguru alilia juu ya bati siku tatu mfululizo. Hivyo ndivyo anavyokumbuka. Nilipomuuliza kama hakulia siku nyengine zote za mwaka, alinyamaza kidogo, akasema, "Siku nyengine nani alikuwa akisikiliza?" Bibi yetu, mama yake yeye, alikuwa akisema kinyume: kunguru akilia juu ya paa, mgeni yuko njiani, ongeza kisahani cha mchele. Nyumba moja, ndege mmoja, tafsiri mbili.

Waarabu wa kabla ya Uislamu walimwita ghurab al-bayn, kunguru wa utengano. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868, ameeleza katika Kitab al-Hayawan sababu yake, na sababu yenyewe ni ya kimaisha kabisa: watu wa jangwani wakishang'oa mahema na kuhama, kunguru hutua pale kutafuta mabaki. Mpenzi akirudi kutazama alipokuwa mpenzi wake, anamkuta kunguru. Kwa hivyo akalaumiwa yeye. Al-Jahiz anaeleza pia kwamba kutokana na jina la ghurab wamelitoa neno ghurba, ukaaji wa mbali na kwao, na gharib, mgeni. Sisi Waswahili tunalo neno gharibu. (Ughaibuni ni neno lenye mzizi mwengine, wa ghaibu, ingawa wengi huyachanganya.) Nilipomsomea Mamkubwa, alicheka kwa uchungu: "Basi sote ni kunguru."

Katika Qur'ani kunguru ametajwa katika Surat al-Maida, aya ya 31, na hakutajwa kwa ubaya. Mtoto wa Adam alipomuua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, na Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi ili amwoneshe namna ya kumsitiri ndugu yake. Ndege ndiye mwalimu, binadamu ndiye muuaji. Atakayetazama kunguru wa bustanini ataona kile kitendo cha kufukua kila siku: hufukia chakula cha akiba, akafunika kwa majani, akarudi baadaye kukifukua. Na mwenzao akifa hukusanyika karibu ya mzoga na kupiga kelele. Watafiti wa Seattle wanaona kwamba hivyo hujifunza palipo na khatari.

Ni kweli kwamba katika hadithi sahihi kunguru yumo katika wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na katika riwaya moja ya Muslim ametajwa hasa kunguru mwenye weupe. Hukumu ile ni ya madhara anayoyafanya, haihusu bahati. Juu ya bahati na nuksi, mafundisho ni wazi: Mtume, rehema na amani zimshukie, amekanusha tiyara, yaani kusoma mikosi katika ndege. Neno tiyara lenyewe linatokana na tayr, ndege. Mamkubwa anayajua haya kuliko mimi. Amefundisha chuoni miaka mingi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kugongewa dirisha alfajiri, ukiwa na moyo mgonjwa katika nchi ya baridi, ni kitu chengine.

Waingereza nao wasitucheke. Katika ngome ya Tower of London wanafugwa kunguru wakubwa, wasiopungua sita, kwa imani kwamba wakiondoka ufalme utaanguka. Watu husema ni ya tangu zama za mfalme Charles II, lakini wanahistoria waliofuatilia hawakuikuta imani hiyo kabla ya karne ya 19. Mzee jirani yetu, Muingereza wa Aston asilia, aliposikia kisa cha Mamkubwa alitabasamu. Dakika mbili baadaye magipai alitua uani, ndege wa jamii ya kunguru mwenye weusi na weupe na mkia mrefu, na mzee yule yule akamwamkia kwa kunyanyua mkono na kumuulizia khabari za mkewe. Kwao magipai mmoja peke yake ni huzuni, wawili ni furaha, na salamu huondoa nuksi. Nilimtafsiria Mamkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu kufika. (Magipai wapo hata Bara Arabu: milima ya Asir, Saudi Arabia, ina aina yake isiyopatikana kwengine duniani, na wamebaki wachache mno.)

Kwa nini aligonga

Jibu lilikuwa kwenye kioo chenyewe. Dirisha la chumba kile linatazama mti mrefu wa nyuma ya nyumba, na juu ya mti ule jozi ilikuwa inajenga. Alfajiri, nje kukiwa kunapambazuka na ndani bado giza, kioo hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Dume akitua ukingoni humwona kunguru mwengine, wa ukubwa wake, ndani ya eneo lake, anayemkazia macho na asiyekimbia. Lazima ampige. Tabia hii inajulikana sana hapa Uingereza katika miezi ya kujenga viota, na wenye magari hulalamika vioo vyao vya pembeni kupigwa vile vile.

Mtu atauliza: ndege mwenye akili kiasi kile hajitambui? Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwabandikia magipai alama ya rangi chini ya kidevu, mahali wasipoweza kuiona ila kwa kioo, na baadhi yao wakajaribu kuiondoa. Ilikuwa khabari kubwa. Waliorudia jaribio lile baadaye hawakupata jibu lile lile, na kunguru weusi wa aina ya Aston walipojaribiwa hawakufaulu. Kwa dume wa kwetu, aliyeko kiooni ni adui.

Lililoniuma ni hili. Kwa khofu, Mamkubwa alikuwa akivuta pazia zito kila usiku, na mimi nilimletea jengine zito zaidi. Pazia la giza ndani ndilo linalokifanya kioo kiakisi vizuri. Tulikuwa tunamtengenezea kunguru adui aliye wazi zaidi, na ndiyo maana kila siku alikaa zaidi.

Sikumwambia maneno mengi. Nilimshusha uani, taratibu, nikampa kiti, nikamwambia atazame juu kwenye dirisha lake. Aliona mbingu na matawi ya mti ndani ya kioo. Kisha kunguru akaja. Akamtazama akipigana na kivuli chake mpaka akachoka. Akasema: "Masikini. Kumbe anagombana na nafsi yake."

Dawa ni rahisi. Kioo kizibwe kwa nje, si kwa ndani. Mimi nilipanda ngazi nikapaka maji ya sabuni nzito kwenye kioo chote mpaka kikawa na ukungu. Wengine hubandika karatasi au hutundika wavu nje. Siku ya kwanza alikuja akatazama, akaondoka. Siku ya tatu hakuja. Mayai yakishaanguliwa dume huwa na kazi nyengine, na kwa kawaida mambo haya huisha yenyewe.

Kuna kijana wa mtaani aliyejitolea kumaliza mambo kwa manati. Nilimkataza, na si kwa huruma tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inalinda kila ndege wa mwituni pamoja na kiota kinachotumika na mayai yake. Kunguru na magipai wanaweza kuuawa chini ya vibali maalumu vyenye masharti, kama wanaharibu mazao au mifugo, lakini kugonga dirisha si sharti mojawapo. Walio Ghuba wafuate mamlaka za mazingira za nchi zao. Huko kunguru wa kijivu anahesabiwa mvamizi, na kazi ya kumpunguza ina watu wake. Sumu ya kununua dukani humuua paka wa jirani kabla ya kunguru.

Jambo moja zaidi, kwa wenye watoto. Mwisho wa Mei na Juni hapa utamkuta kinda wa kunguru ardhini, mkia mfupi, macho ya bluu-kijivu, hawezi kuruka vizuri. Hajaachwa. Wazazi wako juu ya mti wanamlisha, na ukimkaribia watakushukia kichwani. Hapana uchawi hapo. Ni mama na baba. Mpishe, au kama yuko barabarani msogeze chini ya kichaka kilicho karibu, halafu uondoke.

Mamkubwa alipasuliwa mwezi wa Mei, tarehe ile ile iliyopangwa, na alhamdulillah akarudi Maskati kabla ya joto kumalizika. Tangu hapo ananiletea ujumbe wa sauti kwa simu karibu kila Ijumaa. Anaanza kwa salamu, anauliza watoto, halafu anatoa hesabu yake: leo juu ya tangi la maji wametua wa kijivu watatu, mmoja ana kipande cha samaki. Mara ya mwisho aliuliza kama yule mweusi wetu bado yupo. Nilimjibu kwamba yupo, na kioo sijakiosha.